Upande wa Pili wa Meza

Hurlingham, Jumamosi alasiri

Mwanangu Trufosa,

Umeenda kanisani kuaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua nyinyi, mtaimba mpaka mlinzi aanze kuwafungia madirisha. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefuta meza, nimejaza kalamu wino, na mama yako ameketi mbele yangu anachambua kunde. Barua hii nitaitia ndani ya sanduku lako, chini ya ile sweta ya kijani, uikute ukiwa umeshafika kwa shangazi yako Bunyore.

Sitakuambia habari ya nauli wala ya blanketi, wala kwamba ndizi za kwenye dirisha la treni hupapaswa kwanza ndipo zinunuliwe. Mama yako amekuambia hayo wiki nzima, na aliposahau moja alikuamsha akuambie. Mimi nataka kusema habari ya herufi. Kule shuleni wanakupa ufundishe darasa la watoto wadogo kabisa, wale ambao hawajui A ni mdudu gani, nawe tangu upate habari hiyo umenuna. Ulitaka wakubwa. Nilikusikia nje ya dirisha ukimwambia mwenzako, "Nimesoma mpaka darasa la nane ili nikaimbe a, e, i, o, u?" Sikukasirika. Nilicheka, kisha nikaogopa kidogo, kwa sababu kazi hiyo unayoidharau ndiyo iliyonishinda mimi baba yako.

Kabla sijafika huko, kuna jambo la humu ndani ambalo hulijui. Jumanne mama yako alilia. Alikuwa kwenye jiko, amenipa mgongo, na nilipomwuliza akasema ni vitunguu. Usimwambie nimekuambia. Baadaye, tukiwa tunakula, akasema, "Huyu mtoto akienda, barua yake nani atanisomea?"

Nikasema, "Mimi."

"Wewe utanisomea ile unapenda," akasema. "Ile ingine utameza."

Alisema kweli. Mjomba wako alipotuandikia kwamba bibi yako anaumwa, nilimsomea mama yako salamu na habari za mvua, nikauruka ugonjwa, nikidhani namhurumia. Mimi barua huisimamisha mbele ya uso wangu, hakuna anayeona kilichomo. Akaja kuujua ugonjwa huo kutoka kwa mtu aliyeshuka kwenye basi, na mpaka leo hajaacha kunikumbusha. Basi ujue hivyo: mama yako haogopi wewe kwenda. Anaogopa kwamba kuanzia kesho jioni atakuwa na mtoto anayemfikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nami nimefundisha watoto wa uani kote, ila mke wangu sijamfundisha. Kanisani hushika kitabu cha nyimbo juu chini, na mimi humgeuzia polepole watu wasione.

Sasa turudi kwenye herufi.

Unaikumbuka meza hii wakati ilipokuwa bado inaonyesha tundu la kitasa? Ilikuwa mlango wa stoo ya memsahibu wa mama yako, ukatupwa, nikautia miguu. Wewe hukuwa umeanza shule, na Hali ya Hatari ilikuwa haijatangazwa. Mimi nilikuwa tarishi kama nilivyo sasa, nikizunguka mjini na bahasha za wakili, kutoka Government Road hadi mahakamani, kutoka mahakamani hadi benki, na jioni nikipanda Valley Road kwa miguu kurudi huku. Nilijua kusoma, na katika nyumba za watumishi jambo kama hilo halifichiki. Mpishi wa nyumba ya jirani akaniletea bintiye Dina. Mtunza bustani akaniletea wanawe wawili. Nikakubali, na nikajipiga kifua kidogo, kwa nini nikufiche. Kutwa nzima mjini niliitwa boi. Jioni niliitwa mwalimu.

Kitabu kilikuwa kimoja tu. Kwetu, mtoto wa mgeni hukalishwa karibu na mwenye nyumba, na mtoto wa nyumbani hupisha. Sikuambiwa na mtu, niliona kwa baba yangu. Mgeni akija, wa nyumbani hula ukoko na kushukuru. Kwa hiyo watoto wa watu nikawaweka kulia na kushoto kwangu, kitabu kikiwa mbele yetu, na wewe nikakuweka ng'ambo ya meza, peke yako, mgongo wako kwenye jiko. Nyuma yako mama yako alisimama akisonga ugali, ametoka kwa watoto wa memsahibu hata aproni hajavua. Nilijiona mtu mwenye adabu sana.

Nilipitisha njiti ya kiberiti chini ya maneno, nanyi mkaimba. Ba, be, bi, bo, bu. Dina aliimba ukurasa mzima huku akimtazama kuku mlangoni. Siku moja upepo ukafunua kurasa, na Dina akaendelea na ule wa kwanza bila kukwama hata kidogo. Sote tulicheka, na bado sikuelewa kwamba mtoto yule alikuwa hajui herufi hata moja. Alijua wimbo. Siku nilipomgusia "bo" peke yake, pale katikati, alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji ambao hajawahi kufika.

Wewe ulikuwa tofauti. Wewe ulizijua kweli. Nikigusa yoyote, ya juu au ya chini, unaitaja. Nikikupa kibao na chaki, unakilaza mezani kati yetu, unaandika TRUFOSA, nami naliona jina limesimama wima mbele yangu, safi kabisa. Nilikusifu kwa kila mtu. Sikujiuliza hata mara moja jina hilo liliwezaje kunielekea mimi wakati mwandishi ameketi upande wa pili.

Kisha ukaenda shule. Mwalimu akakupa kitabu, ukakipindua juu chini, ukaanza kusoma. Darasa likacheka. Akakigeuza, ukanyamaza. Akakuachia, ukakipindua tena. Kwenye ubao mkubwa ulikuwa huoni kitu, na kibaoni ulimwandikia mambo yaliyosimama kwa kichwa. Nikaitwa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti. Alisema, "Mzee, mtoto huyu ana akili, lakini anatufanyia mzaha. Kuna watoto wengi huko nje wanangoja nafasi. Muhula ukiisha kabla hajaacha mchezo huu, sitakuwa na la kufanya."

Na mimi, badala ya kukuuliza, nilikuambia njiani kwamba umeniaibisha. Ulikuwa unatembea nyuma yangu umebeba viatu mkononi visichakae. Hukunijibu neno. Mtoto akinyamaza hivyo, watu wazima husema ana kiburi. Mara nyingi hajui tu ameulizwa nini.

Jumamosi ile nilipotoka kazini nikakupeleka mjini, nimalize ubishi. Karibu na soko kulikuwa na duka la Mhindi lililochorwa ukutani tangazo la sabuni, herufi nyekundu, kubwa kukushinda wewe. Nikakuambia, "Soma." Ukatazama. Ukalaza kichwa huku, ukakilaza kule. Kisha, mbele ya watu wote wa Jumamosi, ukaligeuzia tangazo mgongo, ukatanua miguu, ukainama, ukachungulia katikati ya magoti yako, ukasoma kwa sauti ya kanisani, "Sa-bu-ni."

Watu walisimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wewe uliinamia kitu kilichokuwa juu ya vichwa vyetu sote. Mwenye duka akatoka na tepu yake ya kupimia shingoni, akakutazama, akanitazama. "Toto yako nasoma mzuri sana," akasema. "Lakini kwa nini nasoma kama popo?"

Ukainuka, uso umejaa damu, ukaniambia kwa upole, kama mtu anayemfunulia mzee habari ambayo huenda ikamwumiza, "Baba, hata hii wameiweka juu chini. Kwani ni fundi mmoja?"

Sijui tulifikaje nyumbani. Najua nilipofika niliketi kwenye kigoda chako, mahali hapo alipo mama yako sasa, nikafungua kitabu na kukiweka pale nilipozoea kukiweka. Herufi zote zilikuwa zimening'inia kwa miguu. Hukuwa na mzaha wowote. Ulikuwa umejifunza kwa bidii kitu kile kile nilichokuonyesha, kutoka mahali pale nilipokukalisha kwa adabu zangu. Nikasikia uchungu, Trufosa, na kwa kuwa mimi nikiona uchungu hupaza sauti, nilipiga meza nikasema, "Huu ni upande wa makosa. Mtu yeyote asisome tena kutoka hapa." Mama yako alikuwa anaosha sufuria. Aliniuliza kama naumwa.

Sikuweza kukuhamisha kwa siku moja. Nilijaribu, ukalia, kwa sababu ulipoketi kando yangu kila ulichokijua kilikuwa kimepotea. Basi tukawa tunahamisha kigoda kidogo kidogo. Ulipita kwanza kwenye kona, ukakaa hapo siku kadhaa ukisoma kwa shingo ya upande. Kisha ukaingia ubavuni, karibu na Dina. Kila uliposogea, herufi nazo zilijigeuza kidogo, nawe ulizisalimu upya kama jamaa waliobadilisha nguo. Wana wa mtunza bustani nikawapeleka ng'ambo kwa zamu, wakaone wenyewe, wakacheka sana, na baba yao akaninunia kwa kuwanyima wanawe nafasi ya mgeni.

Kuandika kulichukua muda zaidi. Mama yako alitoa sinia, akachekecha majivu ya jiko, akayasambaza. Nilisimama nyuma yako, nikitazama kule unakotazama, nikaushika mkono wako. Hatukuanza na A. Tulianza na T, kwa kuwa ni yako, fimbo moja imesimama na nyingine imelala juu yake. Uliichora kwa bega zima, majivu yakaruka mpaka kwenye kunde za mama yako. Ukikosea, unatikisa sinia, na kosa halipo tena. Nilipenda hilo kuliko kitu chochote. Kwenye karatasi mtoto akikosea, kosa linabaki likimtazama. Wiki ya mwisho ya muhula mwalimu alikuita ubaoni, ukaenda, ukaandika jina lako, na likasimama kwa miguu.

Hali ya Hatari ilipokuja, darasa letu likavunjika. Mkusanyiko wowote nyuma ya nyumba ulihitaji maelezo, hata wa watoto na sinia ya majivu. Dina akapelekwa kwao. Lakini aliondoka akijua herufi, zile zenyewe, bila wimbo. Nalifurahia hilo mpaka leo.

Nakuambia haya ili usiende kule ukidhani umepewa kazi ya kitoto. Watoto wako watakuwa wengi na chati itakuwa moja, imetundikwa ukutani, na wageni wakija watoto wataiimba yote vizuri mpaka wageni wapige makofi. Wewe usipige. Inuka na njiti yako uguse ile ya tatu kutoka mwisho. Na kabla hujaandika kitu ubaoni siku ya kwanza, wakiwa wametoka kucheza, nenda ukaketi pale wanapoketi. Keti mbele, keti nyuma, keti chini karibu na dirisha ambapo jua linaupiga ubao ukawa mweupe wote. Goti litalalamika na gauni litaingia vumbi. Mimi ningefanya hivyo jioni moja tu, ningekuokolea muhula mzima wa kuchekwa. Na akitokea mmoja anayefanya kinyume cha wenzake wote, tena kwa bidii, usiseme ana kiburi. Mwulize anaona nini.

Nilikuwa nimefika hapo, Trufosa, nikitafuta maneno ya kumalizia, mama yako akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo, "Mimi sikulia. Ilikuwa kitunguu."

Nikamwuliza amesema nini.

"Hapo kwa ile karatasi ya kwanza. Umeandika eti mama yako alilia. Futa."

Karatasi ya kwanza ilikuwa imelala katikati ya meza inakauka wino. Unajua mwandiko wangu, herufi moja moja kama za ubaoni, mkono haukujua kuziunganisha. Nikaitazama karatasi, nikamtazama yeye. Aliendelea kuchambua kunde.

"Umesoma?" nikamwuliza.

"Umeandika kubwa namna hiyo, mtu atafunga macho?"

"Tangu lini?"

"Tangu wakati ya Trufosa. Nani alikuwa anasimama nyuma yake na mwiko?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akaweka ungo chini. "Ningesema nini? Nilikuwa nimefika ile mahali ya cha, che, chi. Nikasema moyoni, nikimaliza kitabu nitamshangaza huyu. Halafu wewe ukakuja ukakaa hapa, ukapiga meza, ukasema upande hii ni ya makosa, mtu asisome tena kutoka hapa. Mtoto ukamzungusha. Mimi nikabaki na sufuria."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Nikakumbuka kitabu cha nyimbo. Nikamwuliza, na jibu nilishalijua.

"Naimba nikisoma," akasema. "Wewe unakuja unanigeuzia, naanza kuimba ile iko kwa kichwa tu. Si unaona watu wanatuangalia?"

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikioni, na papo hapo nikafurahi hata kalamu ikanitoka mkononi. Nimekaa na mwanafunzi wangu bora miaka yote hii, nikila ugali wake. Nikamwambia nitamfundisha upande huu, tutahamisha kigoda kidogo kidogo kama tulivyofanya kwako. Akasema atafikiria. Akasema kwanza, ile barua ya mjomba wako iko wapi, anataka kuiona. Nimempa. Ameilaza mbele yake, ameipindua, na mwandiko wa mjomba wako unamsumbua, lakini neno "mama" amelipata, na neno "anaumwa" anakaribia kulipata. Mimi nimekaa nangoja kukemewa.

Nilitaka uwakumbuke watoto wanaokaa ng'ambo ya kitabu. Sasa naomba uangalie pia nani amesimama nyuma yao, huko mlangoni au dirishani, akijifanya amekuja kumchukua mdogo wake tu.

Barua zako sitazisimamisha tena mbele ya uso wangu. Nitazilaza mezani, mimi upande wangu, yeye upande wake, na habari mbaya kama zipo tutazifikia pamoja. Andika herufi moja moja, usiziunganishe kama mlivyofunzwa madarasa ya juu.

Nimemsogezea kalamu aongeze salamu. Nilitaka kumgeuzia karatasi, akaiwekea mkono, akasema, "Wacha hivyo." Anaandika kutoka huko aliko, anaanzia kulia kwake akija kushoto, na kila herufi inaanguka mbele yangu ikiwa imesimama wima, kama jina lako kwenye kibao zamani zile. Ananiambia nisimtazame, kwa hiyo namwachia nafasi iliyobaki.

Mimi baba yako, anayekupenda na ambaye hakufuta kitu.

TRUFOSA
SIKULIA
ANDIKA KUBWA
NITASOMA
MAMA